Daktari wa Jicho Moja na Uvimbe wa Taya: Maisha ya Denis Burkitt



Tulikuwa Arusha kwa darsa za siku nne, na usiku wa pili, baina ya Magharibi na Isha, mzee mmoja wa Ngaramtoni alisimama kuuliza. Muda wote alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kanzu yake ina vumbi la njia. Alipopewa kipaza sauti alikirudisha, akasema atasikika bila ya hicho.

Mjukuu wake wa miaka sita alivimba taya la kushoto na meno yakalegea. Wakampeleka kwa mtu wa meno wa mtaani, akang'oa mawili. Uvimbe haukupungua. Ndani ya wiki mbili ulipanda mpaka jicho likaanza kusukumwa kutoka mahali pake. Walipofika hospitali waliambiwa waende Moshi, KCMC, ambako daktari mmoja atakata kipande kidogo cha nyama, kipande hicho kitapelekwa kwa mtu wa pili ambaye mzee hatomuona, na majibu yatarudi kwa mtu wa tatu, na huyo ndiye atakayepanga dawa.

Mzee alikuwa na maswali matatu. La kwanza, je, inajuzu kumwacha mtoto akatwe nyama na mtu ambaye mwenyewe amekiri kuwa hajui bado maradhi ni yepi? La pili, kwa nini madaktari wote hawa? Anayeijua kazi yake si angeimaliza peke yake? La tatu lilikuwa zaidi lalamiko kuliko swali. Daktari kijana aliyempokea alikaa muda mrefu kuuliza mtoto amekuwa akiishi wapi. Mzee akamjibu kuwa mtoto amezaliwa na kulelewa Mto wa Mbu kwa mama yake, na Ngaramtoni ameletwa miezi mitatu tu iliyopita. Daktari akaliandika hilo na akapiga mstari chini yake. Taya la mtoto linavimba kila siku, mzee alisema, na yeye anaandika jina la kijiji.

Tukafahamu baadaye kuwa kulikuwa na jambo jengine ambalo hakulisema mbele ya watu. Katika ukoo walikuwamo waliomshauri aachane na safari ya Moshi, ampeleke mtoto kwa mganga wa mitishamba upande wa pili wa mlima Meru, ambaye ameahidi kufanya kila kitu mwenyewe kwa siku saba. Watu wa mkoa ule hawajasahau misururu ya magari ya mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa maradhi yote. Raha ya ahadi kama hizo ni kuwa mtu ni mmoja na dawa ni moja.

Swali la kwanza tulilijibu pale pale. Kutafuta tiba ni katika mambo yaliyoamrishwa, na kukata kipande ili maradhi yajulikane ni sehemu ya tiba. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa Sa'd bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimtembelea, kisha akamuelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa Thaqif kwa kuwa alikuwa mtu wa kutibu. Na imepokewa pia kuwa anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Daktari anayekiri kuwa hajui mpaka apime si mwenye kasoro. Wa kuogopwa ni yule anayejua kabla ya kutazama. Na akiwa tabibu si Muislamu lakini ni mjuzi na muaminifu, wanachuoni wamejuzisha kutibiwa naye, na Ibn al-Qayyim ameitolea hoja safari ya Hijra, ambapo Mtume alimkodi Abdullah bin Urayqit awe muongozaji wa njia naye hakuwa Muislamu.

Maswali mawili yaliyobaki si ya fiqhi. Tuliona jibu la haraka halitomtosha mtu mwenye mtoto katika hali ile, tukaahidi kuandika. Njia iliyotuelea zaidi ni kusimulia maisha ya mtu ambaye maradhi yale yale aliyokuwa akiyashuku daktari kijana yamebeba jina lake mpaka leo.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa Mkristo mwenye kuishika dini yake. Hilo hatulifichi, na halituzuii kumpa haki yake, kwani uadilifu tumeamrishwa hata kwa tusiyeafikiana naye. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya, na saa zake za mapumziko alizimaliza kwa ndege. Aliwavika pete ndogo miguuni ndege wa bustanini kwake ili amjue kila mmoja, kisha akachora ramani inayoonyesha kila ndege anakaa wapi na mpaka wake na jirani yake uko wapi. Kwa majirani pengine ulikuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Leo wataalamu wa ndege wanamtaja kuwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenziwe lilimpiga usoni na akapoteza jicho la kulia. Akaishi na jicho la kioo. Alikwenda chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, hakufanya vizuri, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya upasuaji ya Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho. Mpasuaji wa jicho moja ni jambo la kufikiriwa kweli, na hatuwalaumu sana waliomkataa. Vita vikaja, jeshi likamhitaji, akatumikia Kenya na Seiloni. Vita vilipomalizika aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, mji wa Lira.

Huko Lira, akiwa mpasuaji mwenye wilaya nzima mkononi, jambo moja lilimshangaza. Wanaume wengi walimjia na mshipa, yaani busha. Sisi watu wa pwani na visiwani hatuhitaji kuelezwa maradhi hayo, wala matende. Lakini Burkitt aliona kuwa wagonjwa wake hawakuja kutoka kila upande kwa idadi sawa. Mashariki ya wilaya mshipa ulikuwa mwingi, magharibi ulikuwa haba. Badala ya kuendelea kupasua tu, alihesabu, akaangalia ramani, na akalihusisha jambo hilo na vijidudu vya matende vinavyosambazwa na mbu. Ile tabia ya baba na ndege wake ilikuwa imehamia kwa mtoto na wagonjwa wake.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Na hapo, mwaka 1957, akaitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, kumtazama mtoto mmoja wodini. Trowell alikuwa daktari wa maradhi ya ndani, si mpasuaji. Mtoto alikuwa na uvimbe pande nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Usaha wa jino haushiki pande nne kwa pamoja, na saratani anayoijua yeye pia haifanyi hivyo. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatazama nje kupitia dirishani, akamuona mtoto mwengine amekaa na mama yake, na uso wake ni kama wa yule wa Mulago. Akatoka kwenda kumpima. Mbali na taya, alimkuta na uvimbe tumboni.

Hebu tusimame hapa kidogo. Watoto hawa walikuwapo kabla ya Burkitt. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilitunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miongo mingi, na katika makaratasi hayo wamo watoto wenye uvimbe wa taya. Waganga wa meno waliwaona wakiwa na meno yaliyolegea. Wapasuaji wa tumbo waliona uvimbe wa figo au wa ovari. Kila mmoja aliona kiungo chake. Hakuna aliyekuwa mjinga, ila hakuna aliyeweka karatasi yake kando ya karatasi ya mwenzake.

Burkitt alirudi Mulago akaanza kupekua mafaili na kupiga picha kila mtoto. Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na makala ile ilipita kimya. Yeye aliuita uvimbe ule sarkoma, yaani saratani ya nyama na mifupa, kwa kuwa mpasuaji anaona kwa macho na kwa kisu. Aliyemsahihisha alikuwa mtu wa hadubini.

Huyu ndiye mtu wa pili wa mzee wetu, yule ambaye hatomuona. Anaitwa mtaalamu wa patholojia. Kipande cha nyama kinapomfikia kinalowekwa katika dawa ya kukihifadhi, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, kinapakwa rangi, na yeye anakaa kutazama seli moja moja. Hamuoni mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa hajui hata jina lake, lakini bila ya neno lake daktari wa dawa anarusha mawe gizani. Mulago alikuwapo Profesa Jack Davies aliyeanzisha daftari la saratani la Kampala, na alikuwapo Mmarekani Gregory O'Conor. Walitazama vipande vya watoto wote, vya taya na vya tumbo, na mwaka 1961 ikadhihirika kuwa ni maradhi mamoja, na kuwa asili yake si mfupa. Ni limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili. O'Conor aligundua pia kuwa karibu nusu ya saratani za watoto katika daftari lile zilikuwa za aina hii.

Tofauti hii si ya majina. Uvimbe wa mfupa unaweza kukatwa. Limfoma haimalizwi kwa kisu, kwani mtoto aliyepasuliwa taya alirudi baada ya wiki chache na uvimbe mwengine. Seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua kwa kasi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo mzee aliyeona kuwa siku zinapotea alikuwa sawa kuhusu siku. Lakini zilipotea kwa mtu wa meno, si kwa mtu wa hadubini.

Sasa tuje kwenye jina la kijiji.

Burkitt aliuliza swali alilolizoea tokea Lira: watoto hawa wanatoka wapi? Kwa ruzuku ndogo sana alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, zaidi ya elfu moja, akazipeleka kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama wamewahi kuona kitu hiki. Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikafanya mkanda ulioikata Afrika katikati, na mkia ukashuka upande wa mashariki kuelekea kusini.

Mkanda ule ulikuwa na mipaka, na alitaka kuiona kwa jicho lake lililobaki. Mwezi Oktoba 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, akaondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson. Walikwenda kwa wiki kumi, maili 10,000, wakapita Tanganyika na nchi za kusini yake mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiingia katika karibu hospitali 60. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza swali lile lile kwa daktari, kwa muuguzi, kwa mtunza mafaili. Hospitali nyingi kati ya hizo zilikuwa na daktari mmoja tu, aliyeacha kazi yake akakaa kukumbuka. Hatuyajui majina yao, lakini ramani ni yao pia.

Walichokiona ni kuwa katika nchi zilizo karibu na ikweta uvimbe huu hupotea mtu akipanda juu ya futi 5,000 hivi, sawa na mita 1,500. Kadri walivyoshuka kusini, mpaka ule nao ulishuka chini zaidi. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu na virusi pale Entebbe, ndiye aliyeona kuwa si urefu wa ardhi bali ni baridi. Mahali panapokuwa na baridi kali au ukame, maradhi hayapo. Burkitt alikuwa na mpasuaji ndani yake na mhandisi aliyeshindwa mitihani, lakini hili lilihitaji mtu wa wadudu.

Msomaji wa Arusha anaweza kuitumia ramani hiyo bila ya kutoka nyumbani. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,400, na Ngaramtoni ni juu zaidi, mahali ambapo mwezi wa Julai watu huenda Alfajiri wamejifunika mablanketi. Ukiondoka mjini kuelekea magharibi, ukapita Makuyuni na kuteremka bonde la ufa mpaka chini ya ukuta wa Manyara, unafika Mto wa Mbu, chini ya mita 1,000, penye maji, migomba na joto. Jina limepewa na waliolala hapo. Mtoto aliyekulia Ngaramtoni na mtoto aliyekulia Mto wa Mbu wanaweza kuwa na uvimbe unaofanana usoni, na daktari akawa na dhana mbili tofauti. Ndiyo maana ya ule mstari chini ya jina la kijiji. Daktari kijana alikuwa akisoma ramani ya Burkitt, pengine bila ya kulikumbuka jina la mwenye ramani.

Na sababu ni nini? Mwanzo Burkitt alidhani mbu anabeba kirusi cha saratani. Haikuwa hivyo. Baadaye yeye na wengine waliona kuwa ramani ya uvimbe inalingana na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Na katika hoja zao iliingia Zanzibar yetu. Visiwa vina joto na mvua, urefu wake kutoka baharini si kitu, na kwa kanuni ya hali ya hewa uvimbe ungetakiwa kuwa mwingi Unguja na Pemba. Ulikuwa nadra, na ilionekana ni kwa kuwa malaria ilikuwa imedhibitiwa kwa kampeni kubwa za wakati ule. Wale mabwana afya waliokuja majumbani kupiga dawa ukutani, na ambao wazee wetu waliwalalamikia kwa harufu, hakuna aliyewahesabu katika watu wa saratani. Walikuwa ndani yake.

Kirusi kilikuwapo lakini, na kisa chake ni hiki. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, hospitali ya Middlesex, akaonyesha picha zake na ramani yake. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein, ambaye aliingia kwa kuona tangazo tu. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege usiku kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwezi Disemba 1963 ndege iliyobeba kipande ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester, na kichupa kilifika jioni maji yake yakiwa yamefanya ukungu. Mwengine angekitupa, kwa dhana kuwa kimeoza. Epstein alitia tone chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zinaelea hai. Zikaoteshwa, na mapema mwaka 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi kisichojulikana. Kinaitwa Epstein-Barr, na kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Takriban sote tunacho mwilini na hakitudhuru. Ila kwa mtoto mdogo aliyechoshwa na malaria mfululizo, kirusi hicho hupata mlango.

Tumefika kwenye dawa, na hapa ndipo mtu wa tatu wa mzee anapoingia, daktari bingwa wa saratani. Wakati wa Burkitt hakukuwa na mtu wa jina hilo Uganda, wala hakukuwa na mashine ya mionzi. Upungufu huo ndio uliomlazimisha kujaribu dawa za kuua seli ambazo Ulaya na Marekani zilikuwa bado changa: methotreksati, siklofosfamidi, na vinkristini. Zilimfikia kupitia wataalamu wa Marekani waliokuwa wakizifanyia majaribio, na Nairobi daktari Peter Clifford naye alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Watoto ambao nyuso zao hazikutambulika walirudi katika sura zao ndani ya siku chache. Wengi uvimbe uliwarudia, wakafariki. Lakini baadhi yao waliishi, wengine kwa dozi moja au mbili tu, na miaka ikapita wakawa wakubwa. Burkitt aliwafuatilia mmoja mmoja kwa picha.

Hiyo vinkristini asili yake ni jani. Inatokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe ambao watu wengi wa pwani wanaupanda uani kwa uzuri wake, hawajui wana nini. Tunalitaja hili kwa ajili ya yule mganga wa upande wa pili wa mlima, kwani watu hudhani hospitali inadharau majani. Jani ni lile lile, lakini sumu yake imechujwa na kupimwa. Anayeipima ni mfamasia, kwa kuhesabu uzito na kimo cha mtoto huyu hasa, na anayeitia mshipani ni muuguzi aliyefundishwa, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Muuguzi huyo ndiye anayemuona mtoto saa zote, ndiye anayejua kama homa imepanda usiku, na homa kwa mtoto aliye katika dawa hizi si ya kusubiri asubuhi. Siku hizi kuna pia wahudumu wa tiba shufaa, wanaoshughulika na maumivu. Wapo wanaolisikia neno hilo wakadhani mgonjwa wao ameshakatiwa tamaa, au wakalichanganya na shifaa. Maumivu yanatibiwa tokea siku ya kwanza, kwa anayetarajiwa kupona na kwa asiyetarajiwa.

Mwaka 1967 Kampala ilipata kituo maalumu cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichozaa taasisi ya saratani ya Uganda, na Mmarekani John Ziegler akawa mkuu wake wa mwanzo. Baada yake ikaongozwa na Mganda mwenyewe, Charles Olweny. Burkitt alikuwa ameshaondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960. Nusu ya pili ya umri wake aliimaliza kwa jambo jengine, na huko Ulaya wengi wanamjua kwa hilo zaidi. Aliona kuwa maradhi ya utumbo mpana, ikiwamo saratani yake, yalikuwa haba vijijini Afrika na mengi Uingereza, akahusisha jambo hilo na chakula kilichokobolewa. Kwa lugha yetu, aliwataka watu wale dona waache sembe. Alizungumza juu ya choo cha watu hadharani bila ya haya, na wenziwe wakamcheka. Wapo waliosema alirahisisha mno mambo, na pengine ni kweli. Lakini manufaa ya nyuzinyuzi kwa utumbo hayana mjadala tena.

Alichaguliwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya Uingereza mwaka 1972. Alikuwa mtu wa kurudia kuwa hakugundua maradhi mapya, kwani wengi waliyaona kabla yake, na kuwa kazi yake ilikuwa kuunganisha tu. Mke wake, Olive, aliyemuoa mwaka 1943, alibaki peke yake na mabinti watatu kila safari ndefu ilipomchukua mumewe. Burkitt alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Mzee wa Ngaramtoni hakusubiri makala. Asubuhi ya siku ya tatu ya darsa zetu alikuwa stendi kabla ya jua kutoka, mtoto amefunikwa shuka ya Kimasai, wakapanda basi la Moshi. Kipande kilikatwa siku ya pili yake. Alitupigia simu kutuambia kuwa majibu yamethibitisha kuwa ni maradhi yenyewe, na kuwa daktari wa dawa amemuuliza tena mtoto amekulia wapi. Safari hii alijibu bila ya kukasirika. Mpaka tunaandika haya mtoto yuko katika mzunguko wa tatu wa dawa, nywele zimepuputika, jicho limerudi mahali pake, na babu yake analala kwenye benchi nje ya wodi. Anaomba tumuombee dua mtoto. Na anauliza kama tunajua nani hasa aliyekitazama kile kipande, kwa kuwa wauguzi wamemwambia yuko jengo jengine na hajawahi kumuona.